Krismasi ya kwanza bila mzee, na barabara imejaa theluji

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, wenzangu wote wamelala. Tunaishi kaskazini, kwenye nchi ambayo ikifika Desemba theluji inakuja magotini na jua linazama kabla watoto hawajafika nyumbani kutoka shule. Tuna binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 8. Tangu Aprili tunaishi na mama mkwe wangu pia, maana mumewe, mzee wetu, alifariki mwezi Machi.

Linaloninyima usingizi ni Krismasi. Tangu mume wangu akiwa mtoto, ukoo wao hukusanyika nyumbani kwa wazee. Sasa nyumba ile imefungwa. Kaka yake mkubwa ameamua kwamba mwaka huu sote tukutane kwake, na mume wangu akakubali kwenye simu, mimi nimesimama pale pale jikoni, bila hata kunigeukia. Ni mwendo wa saa tano kwa gari barabara ikiwa safi, na katikati kuna kipande kinachopita milimani.

Njia hiyo ndiyo tuliyopita mwaka jana kwenda kwa wazee. Dhoruba ilitukamata mlimani, gari likazama, tukalala humo humo mpaka alfajiri greda lilipotufikia. Mvulana wangu alitapika mara kadhaa, mimi kichwa kiliniuma kuliko siku ya kujifungua, na mume wangu aliacha injini ikiwaka ili tupate joto, akisema tutulie, si kitu. Mama na mzee walikesha huko kwao wakipiga simu zisizopatikana. Leo hii safari ile imekuwa hadithi ya kuchekesha ya ukoo. Shemeji yangu huisimulia akiigiza sauti zetu, na watu hucheka mpaka machozi. Mimi sicheki.

Hilo moja. La pili ni kazi. Mume wangu anazoa theluji. Anaamka gizani, anachukua beleshi, anarudi kalowa jasho, na kila mtu nyumbani anampa pole na asante. Ni kazi kweli, sikatai. Lakini mimi ndiye ninayekumbuka kwamba mabuti ya mtoto yameshabana, kwamba dawa za mama zitaisha katikati ya sikukuu maduka yakiwa yamefungwa, kwamba mtoto wa pili wa shemeji hapendi zawadi ya nguo, nani analala wapi, nani hasemeshani na nani asiwekwe karibu naye mezani. Pole ya kukumbuka sijawahi kuipata.

La tatu naliandika kwa aibu. Nyumba imekuwa nzito. Mama mkwe anashinda dirishani. Ikifika saa tisa na nusu alasiri, tukiwasha taa, anasema, "Limeingia tena," yaani giza, kisha anakwenda kujilaza. Amelitundika koti la mzee mlangoni pamoja na makoti yetu. Kila ninapofagia hapo naliondoa, halafu nalirudisha. Jina la mzee halitajwi. Likitajwa kwa bahati mbaya, mume wangu anatoka nje na beleshi hata kama hakuna theluji ya kuzoa. Juzi binti yangu aliuliza mezani, "Kwa nini tunajifanya kama Babu kasafiri?" Baba yake akamfokea, naye si mtu wa kufoka. Nikamtetea mtoto, tukagombana mbele ya mama. Tangu siku hiyo mimi na mume wangu tunaongea mambo ya shule na bili tu.

Anasema nisipokwenda nitakuwa nimeuvunja ukoo mwaka ule ule mzee alipotutoka. Anasema safari hii ni kwa ajili ya mama yake, asiwe mpweke Krismasi ya kwanza. Akishasema hivyo, mimi nakosa la kujibu. Je, niende nikavumilie? Au nibaki na watoto, yeye aende na mama yake? Usinibembeleze, Shangazi. Niambie ukweli.

Mama Wawili

---

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba.

Naanza na jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu haliwezi kusubiri zamu yake. Kichwa kinachopasuka, mtoto anayetapika, gari limezama kwenye theluji na injini inawaka. Mimi sikuwepo, na huenda mtoto alichafukwa na njia tu, na kichwa chako kilikuwa cha hofu na njaa. Lakini hizo ndizo dalili za sumu ya kaboni monoksidi. Theluji ikifunika ekzosi, moshi wa injini hukosa pa kwenda na kuanza kuingia ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na kizunguzungu, kisha hushikwa na usingizi, na akiupokea usingizi huo anaweza asiamke. Kwa hiyo kutocheka kwako kuna maana. Ukipata wakati mtulivu, mweleze mumeo hivyo hivyo nilivyokueleza, bila kumshtaki. Alikuwa akiwapa joto kwa njia aliyoijua. Shemeji naye akijua kilichowezekana usiku ule, sidhani kama atakuwa na hamu ya kuigiza sauti tena.

Sasa safari yenyewe. Kosa ninaloliona ni kwamba imeshakuwa ahadi, na ahadi iliyotolewa kwa kaka mkubwa mwanaume huona haya kuivunja hata mlima ukiwa mweupe mbele yake. Mliondoe jambo hili kwenye ahadi mliweke kwenye utabiri wa hali ya hewa. Kubalianeni leo, mkiwa nyumbani na mmeshiba, kwamba jioni ya kuamkia safari mtasoma utabiri wa kile kipande cha milimani, na kama kuna tahadhari ya dhoruba, hamwendi. Hakuna mjadala asubuhi, hakuna "tujaribu tuone". Uamuzi uliopitishwa mapema haumwaibishi mtu.

Fikirieni pia mchana wenu. Siku fupi kuliko zote huko kwenu huangukia tarehe 21 au 22 Desemba. Kwenye latitudo ya 60, siku hiyo jua hukaa angani chini ya saa sita. Barabara ya saa tano, ikiwa na theluji, inakuwa ya saa saba au nane. Hesabu mwenyewe: mtatoka gizani au mtafika gizani, na mlima mtaukuta mmeshachoka. Ningeikata safari mara mbili, mlale njiani kabla ya mlima, muupande mchana. Kwenye barafu gari linaweza kuhitaji hata mara kumi ya umbali wa kawaida ili lisimame, na hilo dereva hodari halipunguzi kwa uhodari wake. Matairi yawe ya theluji. Tangi lisishuke chini ya nusu. Bebeni blanketi za watu wote, maji, chakula kisichohitaji moto, tochi, beleshi, na simu zenye chaji. Mkikwama tena, msiliache gari mkaenda kutafuta msaada kwa miguu. Safisheni ekzosi kwanza, washeni injini dakika kama kumi kwa kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidogo, na kabla ya kuwasha tena mkaangalie ekzosi upya. Mtu mzima mmoja abaki macho daima.

Mumeo akiyakataa masharti haya, baki na watoto, na mwambie kuwa mimi ndiye niliyekwambia ubaki. Nabeba lawama hiyo bila shida.

Lakini sidhani kama atayakataa, na wala sidhani kwamba barabara ndiyo iliyokukesheza usiku ule. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta sauti za watu. Mumeo anasikika, shemeji anasikika, mpaka binti yako anasikika vizuri sana. Mama mkwe ana maneno mawili tu: "Limeingia tena." Safari yote inaandaliwa kwa jina lake, na katika barua nzima sikuona mahali ambapo mtu alimuuliza anataka nini.

Mfikirie kidogo. Katika mwaka mmoja amempoteza mume, amehama nyumba yake, amekuwa mgeni kwenye chumba cha wajukuu. Mwaka jana alikesha na mzee wakipiga simu kwa watu walioko kwenye mlima ule ule ambao sasa watoto wake wanataka kumpitisha. Yawezekana anatamani kwenda, awaone wanawe wote wawili mezani. Yawezekana pia anaiogopa njia hiyo na hasemi kwa kuwa hataki kuwa mzigo. Mimi sijui, wewe hujui, na wanawe hawajui, ila wameshaamua.

Muulize. Si mezani mbele ya watu, wala mlangoni ukiwa na haraka. Kaa naye pale dirishani mchana, mikono yenu ikiwa na kitu cha kufanya, nguo za kukunja au chochote. Usimuulize, "Mama, utapenda kwenda kwa kaka?" Swali hilo limeshabeba jibu lake, naye ataitikia ndiyo ili mambo yaishe. Muulize, "Mama, Krismasi ya mwaka huu ungependa iweje?" Karibu nina hakika atakujibu, "Popote mtakapoona nyinyi." Wazee ndivyo wanavyotupunguzia uzito. Usiipokee haraka. Mwachie siku moja, halafu rudi umuulize alichokipenda zaidi Krismasi za nyuma, na alichokuwa anakivumilia tu. Hapo ndipo ataanza kusema. Ningependa mwanawe ndiye aulize, lakini kwa sasa yeye jina la baba yake likitajwa anakimbilia nje, kwa hiyo anza wewe. Baadaye mwite mumeo asikie jibu kwa masikio yake, kutoka kwa mama mwenyewe, si kupitia kwako. Ukimpelekea wewe ataona umelitengeneza.

Na lile koti usiliondoe tena. Fagia kulizunguka. Au muulize mama ni lini mzee alilinunua, uone atakavyokaa sawa kitini.

Kuhusu kulala kwake alasiri, nahisi mambo mawili yamechanganyika. Moja ni majonzi, ambayo hayana dawa ya haraka na hayapaswi kuharakishwa. Jingine ni mwanga. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayokuja na majira ya giza na kuondoka siku zikirefuka: mtu hulala mno, huchoka, hujitenga na watu. Sisemi mama anayo, hilo ni la daktari. Ila mwanga haumdhuru mfiwa yeyote. Taa za nyumbani ni hafifu sana ukizilinganisha na nje, hata siku ya mawingu, na theluji mpya hurudisha juu zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia. Kwa hiyo dirishani ni pazuri, lakini nje adhuhuri ni pazuri zaidi, dakika 20 tu, avae tabaka tabaka na viatu visivyoteleza, maana kuanguka kwenye barafu kwa mtu wa umri wake ni balaa. Angalieni na baridi pia, kwa kuwa mwili wa mzee huchelewa kuihisi. Wako wanaotumia taa maalumu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa nusu saa kila asubuhi. Inawasaidia wengi, lakini mwulizeni daktari kwanza, hasa kama ana ugonjwa wa macho. Na kama hali chakula, au anasema maisha hayana maana tena, msingoje sikukuu ziishe.

Kuna jambo dogo nitakwambia, huenda ukaliona la kipuuzi. Theluji mpya imejaa hewa katikati ya chembe zake, na hewa hiyo humeza sauti. Ndiyo maana baada ya kuanguka, nje hunyamaza ghafla, hata magari hayasikiki. Watu wengi wanakipenda kimya hicho. Nyumba yenye msiba usiozungumzwa inakisikia vibaya. Washeni redio.

Nije kwa mumeo. Mtu anayetoka na beleshi mahali pasipo na theluji hazoi theluji. Baba yake amekufa, yeye amebaki na kaka anayepanga na mama anayelala alasiri, na kazi pekee anayoweza kuimaliza akaiona imeisha ni ile njia ya mlangoni. Nadhani hata safari hii ni beleshi jingine: akimpeleka kila mtu mahali pamoja kama alivyofanya baba yake, basi kuna kitu hakijabomoka. Ukilijua hilo, ubishi wenu utabadilika sauti. Mwambie, "Naona unamkosa mzee. Mimi pia namkosa." Usiongeze kitu. Usiweke "lakini" baada yake. Akinyamaza, mwache. Akitoka nje, vaa koti umfuate, usimame tu.

Na mchunge moyo wake, nasema moyo ule wa kifuani. Kuzoa theluji kunapandisha mapigo na presha kwa ghafla huku baridi ikiibana mishipa, na kila majira ya baridi watu hupata mshtuko wa moyo wakiwa na beleshi mkononi. Theluji ikilowa, mita moja ya ujazo inaweza kupita kilo 300. Asianze akiwa ametoka kitandani moja kwa moja, asukume badala ya kunyanyua, achote kidogo, apumzike. Kifua kikibana au mkono ukiuma, aache hapo hapo mpige simu ya dharura. Mvulana wa miaka 8 anaweza kupewa ngazi za mlangoni azisafishe kwa beleshi dogo. Atafurahi, na baba atakuwa na mtu wa kuongea naye huko nje.

Sasa kazi yako isiyoonekana. Hapa sitakwambia uandike orodha ndefu uibandike ukutani, kwa sababu mwenye kuandika orodha ndiye anayebaki na kazi ya kukumbuka, na wengine wanageuka watumwa wanaongoja kutumwa. Toa kazi nzima nzima. Zawadi za watoto wa kaka yake ni zake, tangu kuwaza mpaka kufunga karatasi. Dawa za mama ni zake: ajue zimebaki ngapi, ampigie daktari, akazichukue kabla maduka hayajafungwa. Kisha, na hili ndilo gumu kwako, nyamaza. Akimnunulia yule mtoto wa pili nguo, mtoto atanuna, na baba mdogo atajifunza. Usimwokoe. Na kabla ya kumpa, mwambie unachokibeba. Yeye haoni, beleshi linaonekana, kukumbuka hakuonekani.

Binti yako sina la kumfundisha. Amesema mezani ambacho watu wazima wanne wa ukoo wenu, ukihesabu na shemeji, hamkuthubutu. Baba yake anamdai neno, hata fupi, "Sikupaswa kukufokea." Mtoto wa umri huo halisahau neno hilo. Na siku yenyewe ya Krismasi, popote mtakapokuwa, mpeni yeye dakika chache za Babu: awashe mshumaa, amtaje, kila mtu aseme jambo moja analolikumbuka kwake, hata la kuchekesha, hasa la kuchekesha. Baada ya hapo mle.

Uliniuliza kama wewe ubaki na watoto, yeye aende na mama. Mumeo akiyakubali masharti ya barabara, hapana. Mtakuwa mmeigawa nyumba Krismasi ya kwanza ya msiba, na wewe utakesha na simu kama mama alivyokesha mwaka jana. Ni heri wote mwende au wote mbaki.

Mama akisema anataka kwenda, nendeni, kwa masharti ya barabara niliyokupa, na wewe uende bila kinyongo, kwa kuwa mwenye msiba amesema. Akisema anataka kubaki, mbaki, na kaka mkubwa aambiwe kwamba ni mama aliyeamua. Pangeni kabisa tarehe ya kukutana barabara zikifunguka, labda mwezi Machi, mzee atakapotimiza mwaka, pengine kwenye nyumba yake ile ile iliyofungwa. Simu hiyo kwa kaka aipige mumeo, si wewe, na aipige wiki hii, kabla huyo kaka hajanunua chakula cha ukoo mzima.

Shangazi